Imelipwa

Mwaka 2018 nilikuwa na kazi mbili. Mchana nilifundisha hesabu darasa la saba katika shule moja ya binafsi hapa Lamu. Saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku nilikaa mapokezi ya nyumba ya wageni kule Shela. Haukuwa uroho. Boriti za chumba cha mama zilikuwa zimechakaa, dari limebonyea, na mwaka uleule serikali ikapiga marufuku ukataji miti, mikoko nayo humohumo. Boriti zikawa za kutafutwa kwa tochi. Chache nilizozipata nilizinunua kwa mkopo.

Kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita tatu kwa njia ya ufuoni. Mgeni atasema si mbali, lakini njia ile hufuata saa ya bahari. Siku za bamvua maji hujaa jioni, wakati uleule ninaotakiwa kazini. Ama ulipe boti, ama ukunje suruali, viatu mkononi, madaftari ya watoto kichwani. Mimi nilikunja suruali.

Miezi mitatu ya mwanzo nilijiona mwanamume. Mwezi wa nne usingizi ukanihama. Nalala naisikia kengele ya mapokezi, naamka, kimya. Asubuhi moja mama alinitazama nikinywa chai, kikombe kinagongagonga kisahani.

"Mwanangu, mato yako yana nini?"

Akashika kwamba ni hasadi. Akaniandikishia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikalinywa lote, kisha jioni nikaenda Shela. Sijui nani angemhusudu mtu anayekwenda kazini amekunja suruali.

Kazi ya mapokezi ilikuwa pia kuwalipa wanaotuletea vitu: mwenye samaki, mwenye maji, mwenye punda wa mizigo. Kila risiti naandika "Imelipwa", natia sahihi. Katikati ya hizo nasahihisha madaftari, kalamu ileile nyekundu.

Julai, wiki ya bamvua, mtoto mmoja akanyoosha mkono darasani.

"Mwalimu, baba ameniambia nikuulize, aliyenilipia karo ni nani? Ataka kumshukuru."

Wenzake wakacheka. Nilimpigia kelele akae chini, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Kisha nikalichukua daftari. Hesabu tano za sehemu, nne sahihi, mwandiko wa kupendeza, na chini yake, kwa wino mwekundu: Imelipwa. Sahihi yangu. Wiki iliyotangulia mtoto yule alikuwa amerudishwa nyumbani kwa deni la karo.

Kengele ya kutoka ilipolia nilikwenda kwao. Baba yake alinikaribisha kahawa kabla sijafungua mdomo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilichomwambia, na uso wake ulivyokuwa, naomba mniwie radhi, sitavisimulia.

Shela nilifika suruali imelowa mpaka magotini. Nikachana karatasi kwenye daftari la hesabu, nikaandika mistari mitatu, nikampelekea bosi. Akaisoma amesimama.

"Ngoja Agosti ipite, mwalimu. Wageni ndio hao waja. Nitakuongeza elfu mbili."

Nisiseme uongo: nilipiga hesabu. Elfu mbili kwa mwezi, ukitoa deni, inabaki ngapi. Ulimi ulikuwa ushafika kwenye "sawa". Nikasema, "Nashukuru, bosi, lakini sipati usingizi."

Akacheka. "Na nani apata?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikakaa mpaka saa tano, nikafunga hesabu za siku, nikaacha funguo juu ya kitabu cha wageni.

Maji yalikuwa yamekupwa. Nilirudi kwa miguu juu ya mchanga mbichi, viatu nimevaa, kusi linanisukuma mgongoni. Mama alikuwa macho bado.

"Nimeacha kazi ya Shela."

"Na boriti?"

"Zitangoja, mama."

Akatazama juu, akalipima dari kwa macho. Kisha akainuka, akaniambia nishike upande wa pili, tukasogeza kitanda chake kando, mbali na pale palipobonyea. Akapanda, akajifunika, akaniambia nizime taa.