Kumkwepa Mangi

Nyumbani ukidaiwa dukani kwa Mangi, hupiti ile njia mpaka mshahara utoke. Unazungukia nyuma kwa fundi cherehani, unaingia kwako kama mwizi. Akili hiyo nilikuja nayo Ohio, nikaitumia kwa IRS, watoza kodi wa Marekani.

Mwaka wangu wa kwanza kamili huku nilikuwa na kazi mbili: mchana kuhudumia wazee, usiku kusambaza vyakula kwa gari langu. Ile ya mchana mwajiri alikuwa anakata kodi kila mshahara, kama PAYE yetu ya TRA, na Januari nikapewa fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Ya usiku hawakukata hata senti, nikajiona nimepatia. Kumbe ukijiajiri, mbali na kodi ya mapato kuna asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya wazee, kwa sababu ile nusu ya mwajiri nayo inakuangukia wewe.

Tarehe 13 Aprili, siku mbili kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani, ile fomu ya mapato na kodi ya mwaka, nikakaa jikoni na kompyuta. Juu ya programu ya kodi palikuwa na namba ya kijani, marejesho ya dola 600 za kodi niliyokatwa zaidi. Nikaanza kuzigawa kichwani: bati za mama, ada ya mdogo wangu. Kisha nikaingiza fomu ya 1099, ile ya mapato ya kusambaza vyakula. Namba ikageuka nyekundu: nadaiwa dola 2,000. Akaunti nzima nilikuwa na 310. Nikafunga kompyuta, nikasema nitawasilisha nikizipata.

Nilizipata Septemba. Barua ikafuata: faini dola 500, na riba juu yake.

Maana huku kutowasilisha ritani ni asilimia 5 ya deni kila mwezi, hadi ifike 25. Kuwasilisha bila kulipa ni nusu asilimia tu kwa mwezi. Ningebonyeza kitufe usiku ule ule na umaskini wangu, nikalipa Septemba, faini ingekuwa kama dola 50. Yaani Mangi wa huku ukifukara anakuvumilia, hata kulipa kidogo kidogo anakubali, ila usimkwepe. Na ile nyongeza ya muda wa kuwasilisha mpaka 15 Oktoba, ambayo kila mtu anakwambia "we omba tu", ni ya makaratasi. Pesa yenyewe inadaiwa Aprili ile ile.

Siku hizi Februari tu niko maktaba, Jumamosi asubuhi, kwa watu wa kujitolea wanaotuandalia ritani bure sisi wenye kipato cha kawaida. Mpango wenyewe unaitwa VITA, jina ambalo kwa Mswahili halihitaji maelezo. Mwaka huu nilimkuta dada mmoja wa Mombasa. Nikamkabidhi daftari langu la maili ninazoendesha nikisambaza vyakula, lina madoa ya mchuzi kila ukurasa.

"Usilitupe hili, kaka. Hizi ni pesa," akasema. Kila maili ya kazi kwa mwaka 2025 inapunguza senti 70 kwenye mapato yanayotozwa kodi.

Nikamwuliza habari ya mama, maana namtumia dola 150 kila mwezi na kuna jamaa mtaani anaahidi kumwandika kama tegemezi wangu ili kodi ipungue. Akatikisa kichwa. Tegemezi asiye raia sharti awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Huyo jamaa, akasema, mtazame kama anatia sahihi yake kwenye ritani anayokuandalia. Akikataa, chukua makaratasi yako uondoke.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za Tanga, kisha nikamsimulia.

"Kwa hiyo mimi kwa hao Wazungu sihesabiki?"

"Ndiyo sheria yao, mama. Labda ungekuwa unaishi Meksiko."

Akanyamaza kidogo.

"Na nauli ya huko ni shilingi ngapi?"