Siku moja ya fundi bomba mwenye samaki uani

Saa 11:30 alfajiri

Mizani ya jikoni ya mke wangu ilishahamia uani, na yeye kanunua nyingine. Ndiyo kifaa changu cha kwanza kila asubuhi, kabla ya chai. Leo napima gramu 16 za chakula cha kuelea, na jioni nitapima 16 nyingine. Kwenye tenki kuna sato 40, kila mmoja ana gramu 20 hivi, kwa hiyo jumla ni gramu 800. Nawapa asilimia 4 ya uzito wao kwa siku.

Naanza na mizani kwa sababu wanaoanza kilimo hiki cha samaki na mboga kwenye maji yale yale huniuliza kuhusu pampu, tenki na aina ya samaki. Chakula hawakiulizi, na chakula ndicho kinachoamua mengine yote. Samaki anakula, anatoa amonia, taka yenye sumu kwake mwenyewe, sehemu kubwa kupitia matamvua. Pampu inapandisha maji ya tenki kwenye kitalu cha kokoto chenye mboga, kisha yanarudi kwa samaki. Bakteria walioshika kwenye kokoto hizo wanaigeuza amonia kuwa nitriti, wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo nitrati ndiyo mbolea ya mboga. Mbolea ya kitalu chako chote imetoka kwenye hicho kikombe cha chakula. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2014 unashauri gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mboga za majani. Kitalu changu kina mita 1.2 za mraba na mimi natoa gramu 32. Ndiyo maana nusu yake ina matembele na chainizi, na nusu nyingine ni kokoto tupu. Wageni wanadhani nimeshindwa kupanda. Nasubiri samaki wakue.

Maji yana nyuzi 24. Julai ya Dar ni baridi kwa sato, anayependa kuanzia 26 hadi 30, kwa hiyo wanapanda juu kwa uvivu. Chakula kinachobaki baada ya dakika 20 nakichota na chujio la chai. Kikizama kinaoza, na hapo unakuwa umewalisha amonia. Halafu vipimo vya maji vya vitone: amonia haionekani, nitriti haionekani, nitrati miligramu 40 kwa lita, na pH, kipimo cha tindikali ya maji, ni 7. Nafunika tenki na wavu. Kunguru wa Dar hawana adabu, na kifaranga cha samaki kwao ni karanga.

Saa 1:30 asubuhi

Bodaboda, Kimara hadi Goba, begi la vifaa mgongoni. Mteja wa leo ni mzee mstaafu aliyeona mfumo kwangu, akaniambia, "Fundi, na mimi nitengenezee kama ule, ila uwe mzuri zaidi."

Shikamoo, marahaba, tunazunguka nyuma ya nyumba. Tenki lake ni IBC, lile la lita 1,000 lenye wavu wa chuma, na kibandiko bado kipo: lilibeba glukosi ya viwandani. Hilo ni sawa. Yapo ya bei rahisi zaidi ambayo muuzaji ukimuuliza lilibeba nini anaanza kusifia wavu wake. Ya namna hiyo mwachie fundi wa ujenzi ahifadhie maji ya zege.

Nakata sehemu ya juu na grinda. Hiyo ikigeuzwa ndiyo kitalu, kina cha sentimita 30. Sehemu ya chini inabaki na maji lita 700. Mzee anauliza kwa nini nimemwambia alipake rangi nyeusi kisha nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga maji yasigeuke kijani, nyeupe inapunguza joto la jua.

Saa 3

Kazi isiyo na mapambo: kusawazisha msingi kwa pima maji, kupanga matofali, kuweka mbao nene. Kitalu kinachukua karibu lita 300 za kokoto, na hizo peke yake ni karibu nusu tani kabla hujaweka maji. Meza ya mbao za mabanzi haibebi mzigo huo. Kijana wangu anachanganya zege, mimi nanyamaza na kutoa jasho.

Saa 5

Kirikuu kinaingia na kokoto. Naona weupe wake tangu getini.

"Mzee, hizi ni za wapi?"

"Kunduchi. Nimepunguziwa bei."

Namwomba mama mwenye nyumba siki kidogo kwenye kikombe. Natumbukiza kokoto tatu. Siki inachemka, mapovu yanapanda mpaka mzee anainama kuangalia kwa karibu. Hayo ni mawe ya chokaa ya pwani, yaliyotokana na matumbawe. Ukiyajaza kitaluni yatakuwa yanayeyuka polepole na kupandisha pH kupita 8, na hapo mambo mawili yanaharibika kwa pamoja: mboga zinashindwa kuchukua madini ya chuma, majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, na amonia ile ile ambayo samaki angeivumilia kwenye pH 7 inakuwa sumu kali zaidi.

Dereva anatetea mzigo wake: "Fundi, kokoto ni kokoto tu!" Kwenye zege, ndiyo. Tunakubaliana azirudishe alete za Lugoba, zile za kijivu, za nusu inchi hadi robo tatu. Mzee ananung'unika kuhusu tofauti ya bei, na namwelewa, lakini kokoto ndicho kitu ambacho hutakibadilisha tena mfumo ukishaanza kufanya kazi. Pampu unaweza kubadilisha kwa dakika 10.

Chokaa yenyewe si adui wakati wote. Bakteria wakifanya kazi miezi kadhaa pH hushuka. Ikikaribia 6.5, unachukua makombe ya pwani, unayafunga kwenye soksi na kuyaning'iniza kwenye tenki, na ikipanda unayatoa. Soksi unaitoa ukitaka. Nusu tani ya kokoto huitoi.

Saa 7 mchana

Ugali, mchicha, dagaa. Mama mwenye nyumba anauliza swali ambalo mzee hajaliuliza: LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, italiwa kiasi gani?

Pampu yetu ni ya wati 40. Ikizunguka saa 24 ni karibu uniti moja kwa siku. Ukiweka taima, iwake dakika 15 na kupumzika 45, inashuka mpaka robo ya uniti, lakini hapo lazima uongeze pampu ndogo ya hewa isiyozimwa, maana samaki hawawezi kupumzika kuvuta hewa dakika 45. Kwangu nimeweka taima, na anayeanza namshauri hivyo hivyo. Mzee yeye kaona kwenye simu mfumo wa kengele, ule unaojaa na kujimwaga wenyewe bila taima. Anautaka huo. Mama ananitazama mimi, namtazama mzee, mzee anatazama dagaa.

Saa 8:30

Basi kengele. Nakiri hapa ndipo moyo wangu wa ufundi bomba ulipo, ingawa ushauri wangu ulikuwa mwingine.

Natoboa sakafu ya kitalu na kufunga kiungio chenye mipira na nati pande zote mbili. Juu yake nasimamisha bomba la inchi moja, urefu sentimita 25, ili maji yakijaa yabaki sentimita 5 chini ya uso wa kokoto. Hizo 5 za juu zikae kavu daima. Zikilowa zinaota ukijani na shina la mboga linaoza. Bomba hilo nalifunika na jingine la inchi 3 lililozibwa juu kwa kifuniko kisichopitisha hewa kabisa, na chini nimelikata meno. Hilo ndilo kengele. Nje yake bomba la inchi 4 lenye matundu mengi, la kuzuia kokoto na mizizi. Mnanaa hasa: mizizi yake inatafuta bomba popote lilipo.

Maji yanapanda kitaluni na ndani ya kengele. Yakifika mdomo wa bomba lililosimama yanaanza kumwagika kidogo kidogo, kisha yanaongezeka mpaka yanajaza bomba na kuisukuma hewa nje. Hewa ikiisha, mvuto unaanza na kitalu kizima kinanyonywa mpaka kwenye meno. Hapo hewa inaingia, mvuto unakatika, kitalu kinaanza kujaa upya. Mizizi inalowa, inapata hewa, inalowa tena.

Shida yake ni kwamba inataka kiasi fulani cha maji na si kingine. Pampu ikileta kidogo mno, maji yanachuruzika milele na mvuto hauanzi. Ikileta mengi mno, mvuto unaanza lakini haukatiki. Kwa hiyo naweka koki mbili: moja ya kupandisha kitaluni, nyingine ya kurudisha maji ya ziada moja kwa moja kwenye tenki. Kwenye mdomo wa kutokea naongeza elbo moja, inasaidia hewa isirudi na mvuto uanze haraka. Tunajaribu na maji kabla ya kokoto. Mara ya kwanza yanachuruzika. Nafungua koki nyuzi chache. Yanachuruzika. Nafungua tena. Kisha inakuja ile sauti ya kukoroma na kitalu kinamwagika chote kwa kishindo, na mzee anapiga makofi kama yuko Uwanja wa Mkapa.

Saa 10:30 jioni

Kokoto za Lugoba zimefika, tumeziosha mpaka maji yametoka meupe, tumezijaza. Tenki linajazwa maji ya bomba. Namwambia mzee aache pampu ikizunguka siku mbili klorini iondoke, halafu tutaanza kulea bakteria kidogo kidogo, wiki nne hadi sita, ndipo samaki.

Kimya. Kisha: "Fundi, vifaranga si nimeshalipia. Vinakuja keshokutwa. Mia moja."

Hili ndilo jambo la kawaida kuliko yote kwa anayeanza, na simlaumu. Samaki ndio wanaovutia, nani atatamani kulea bakteria? Lakini tenki hili likiwa na umri wa siku mbili halina wa kuigeuza amonia ya vifaranga 100. Tena hata likikomaa, 100 ni wengi. Kiwango cha kawaida ni kilo 20 za samaki kwa lita 1,000, kwa hiyo lita 700 ni kilo 14. Samaki 40 wakifika gramu 300 kila mmoja ni kilo 12. Hapo umeshajaza.

Tunampigia muuzaji. Baada ya maneno mengi anakubali kuleta 20 sasa, abaki na 20 wengine kwa wiki sita, na pesa ya waliobaki ahesabu kwenye chakula. Namwandikia mzee masharti kwenye ubavu wa boksi la pampu. Gramu 2 tu za chakula kwa siku wiki ya kwanza. Vipimo kila asubuhi. Amonia au nitriti ikifika miligramu 1 kwa lita, badilisha theluthi ya maji, kwa maji yaliyokaa siku mbili kwenye pipa, siyo ya moja kwa moja kutoka bombani. Mfuko wa vifaranga ukifika uelee kwenye tenki dakika 20 ili joto lilingane, kisha uongeze maji ya tenki ndani ya mfuko kwa kikombe, taratibu, ndipo uwaachie. Na mboga zisipuliziwe dawa yoyote ya wadudu, hata maji ya sabuni: kinachodondoka kwenye jani kinaishia kwa samaki. Wadudu wa mchicha wataokotwa kwa mkono.

"Na wajukuu?" anauliza mama.

Wajukuu wataokota vizuri sana.

Saa 12:30 jioni

Nyumbani. Gramu 16 za pili. Halafu nachukua ndoo ya lita 20 na kuchota kokoto kutoka ile nusu ya kitalu changu isiyo na mboga. Kwa macho ni mawe tu yenye utelezi kidogo. Utelezi huo ndio bakteria. Nikizipeleka zikiwa zimelowa na kuzizika kwenye kitalu cha mzee, kile kipindi cha wiki sita cha kulea bakteria kinaweza kupungua sana. Kinachotakiwa ni zisikauke na zisioshwe kwa maji ya klorini, kwa hiyo nazimwagia maji ya tenki langu na kuzipeleka kesho asubuhi mapema. Kitalu changu hakitahisi kitu. Kina bakteria wengi kuliko wanaohitajika kwa amonia iliyopo.

Mke wangu anauliza kama sasa tumeanza kuuza mawe. Namwambia haya ni ya bure. Anasema ndiyo shida.

Saa 3 usiku

Umeme umekatika. Pampu ya hewa imehamia kwenye betri yenyewe, na mapovu yanaendelea. Kama una hela ya kununua kifaa kimoja cha ziada mwanzoni, nunua hicho. Mboga zinavumilia usiku mzima bila maji, samaki waliobanana hawavumilii usiku mzima bila hewa.

Nampigia kijana wa bodaboda wa asubuhi kumwambia kesho nina mzigo wa kilo 30.

"Mzigo gani, fundi?"

"Kokoto."

"Ndoo moja ya kokoto? Mpaka Goba? Kule si zipo?"

Nimemwelezea bakteria kwa dakika tano nzima. Amesikiliza vizuri, kisha ameongeza 1,000 kwenye nauli, kwa sababu mzigo una viumbe hai.