Kumbe shida ilikuwa siti ya baiskeli

Mdogo wangu anajifunza baiskeli hapa Uyole, wiki nzima anaanguka tu na magoti yanamuuma, mi nikadhani ni uoga kumbe siti ilikuwa chini mno. Nikalegeza nati, nikampandisha akiwa ameshika ukuta, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, nikainua siti mpaka mguu ukanyooka, maana akikanyaga kwa mbele ya unyayo goti linabaki limekunjika kidogo, ndo inavyotakiwa. Ila kwa anayejifunza nikaishusha tena vidole viwili hivi ili miguu iguse chini asiogope. Na breki jamani, huku kwetu vilima tupu! Waya wa nyuma ulikuwa umelegea, nikaukaza. Jana kashuka mwenyewe mpaka barabarani.