Ninavyomkinga mgonjwa wa goita asitapike baada ya upasuaji

Mgonjwa aliyetoka kukatwa goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, akijikamua kutapika, msukumo wa damu kwenye mishipa ya shingo hupanda, na mshipa uliofungwa vizuri unaweza kuachia. Damu ikijaa chini ya mshono, hubana njia ya hewa. Ndiyo maana sisi watoa dawa za usingizi hatungoji atapike ndipo tutafute dawa.

Nauliza mambo manne: ni mwanamke? Havuti sigara? Amewahi kutapika baada ya upasuaji, au hutapika safarini? Atahitaji dawa za maumivu za jamii ya morfini baadaye? Asiye na hata moja, uwezekano wa kutapika ni kama asilimia 10. Mwenye yote, karibu 80. Wagonjwa wengi wa goita ni akina mama wasiovuta, kwa hiyo mawili wanayo tayari.

Hao nawapa dawa mbili za kuzuia kutapika. Deksamethasoni hutangulia kwa sababu inachelewa kufanya kazi: mg 8 kwenye mshipa, akishalala. Ukiidunga akiwa macho, sehemu za siri huwaka ghafla, mtu akashtuka vibaya. Mwenye kisukari nampa mg 4, sukari inapimwa. Ondansetroni mg 4 naisubirisha hadi wanaposhona ngozi. Ukiiwahisha, nguvu yake inapungua wakati anaihitaji zaidi. Metoklopramidi mg 10, iliyozoeleka mno, ni dhaifu kwa kazi hii. Siitegemei.

Pampu ya kusukuma dawa mshipani ikiwepo, namlaza kwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, mwanzo hadi mwisho, kwani gesi za usingizi zenyewe huchefua. Isipokuwepo natumia gesi ya isoflureni, ila gesi ya naitrasi oksaidi siigusi. Morfini na pethidini nazipunguza kwa parasetamoli g 1 na ganzi ya bupivakaini pande zote mbili za shingo, juujuu chini ya ngozi. Sindano ikizama, neva za kiwambo cha kupumulia hulegea, pumzi ikawa haba.

Wodini alale kichwa kikiwa juu, nyuzi 30. Akitapika ndani ya saa 6, kurudia ondansetroni hakusaidii; badili kundi la dawa, mfano promethazini mg 12.5 ya kudunga msulini, ukijua itamsinzisha. Kwanza funua bandeji: shingo imevimba? Sauti imebadilika? Anakoroma akivuta hewa? Vifaa vya kukatia nyuzi za mshono vikae kando ya kitanda, kwa sababu shingo ikijaa na pumzi ikabana, mshono unafunguliwa hapohapo, ngozi na msuli, bila kusubiri thieta (chumba cha upasuaji).