Nilimpiga picha, sikumuuliza

Hii kitu imenikaa moyoni tangu juzi na nikinyamaza ntaizoea, kwa hivyo wacha niiandike.

Wiki iliyopita nilitumwa Likoni, hapa Mombasa, kufanya stori ya bei ya samaki. Ni msimu wa upepo wa kusi, bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali na samaki wameadimika, stori yenyewe nshaifanya miaka na miaka mpaka najua ntaanzia kwa nani. Nikaongea na mwenyekiti wa BMU, kile kikundi kinachosimamia ufuo na wavuvi wake, nikaongea na nahodha, nikaongea na tajiri mmoja anayenunua kwa jumla na kupeleka mahotelini. Halafu nikampiga picha mama karanga mmoja, hawa wanaokaanga samaki na kuuza, na ndoo yake kichwani, jua la asubuhi limemkaa vizuri usoni, nikashukuru, mbio kuwahi feri. Taarifa ya saa saba ikasomwa, wanaume watatu wakasikika, na kwenye mtandao picha ikawa ya yule mama. Mimi mwenyewe mwanamke, miaka tisa kwenye hii kazi, na sikuona chochote.

Juzi nikapita tena pale akanijua. "Mwanangu, watu wameniona kwenye simu, wanasema nimependeza. Lakini mbona hukuniuliza kitu?" Hakusema kwa hasira, na hapo ndo aliponiumiza.

Nikakaa naye kwenye kigogo. Akaniambia samaki wakitua, wakubwa wote wanakwenda kwa tajiri kwa sababu ndo aliyewakopesha wavuvi nyavu na mafuta ya injini, mama karanga wanangoja wale wadogo wanaobaki, tafi, pono, changu wa kiganja. Sasa kusi ikiingia hata hao wadogo tajiri anawabeba. Yeye anatoka na robo ndoo, na mafuta ya kukaangia hayajui kusi wala kaskazi, na wateja wake ni majirani waliozoea kipande cha pesa ndogo, akipandisha bei watoto wao watakula ugali mkavu. Kwa hivyo hapandishi, anakata vipande vidogo zaidi. Hiyo ndo bei ya samaki Likoni! Mwenyekiti hakuniambia hata nusu yake, si kwa ubaya, hayo hayamfikii yeye.

Usiku nikafungua daftari langu nikahesabu watu wote niliowarekodi mwezi huu. Watu 31, wanawake 6. Na katika hao 6, wanne niliwarekodi wakilia. Kuna ule mradi wa Global Media Monitoring Project, kila miaka mitano tangu 1995 watu wa nchi nyingi wanachagua siku moja wanahesabu nani anaonekana na kusikika kwenye habari. 1995 wanawake walikuwa asilimia 17, na 2020, nchi 116, asilimia 25. Miaka 25 kupanda pointi nane. Nilionyeshwa hizo namba kwenye semina, nikazinakili, nikala chakula cha mchana nikarudi kazini, sikujua kuwa mimi ni mmoja wa wanaozitengeneza.

Nilipomwambia mhariri wangu akasema ah, wanawake wa huku hawapendi maiki, utaambiwa kamuulize baba watoto. Kweli nshaambiwa hivyo, sikatai. Lakini mwenyekiti ana kivuli na kiti na namba yake iko kwenye simu yangu, nikimpigia anashika hapo hapo, na mama karanga akisimama na mimi dakika kumi samaki wake wanaharibika juani. Hajakataa maiki, sisi tunakwenda saa yetu sio saa yake.

Na nikianza kuangalia siachi tena. Januari 2024 wanawake walipoandamana Kenya nzima tarehe 27 kwa sababu ya wenzetu wanaouawa, hapa Mombasa pia watu walitoka, na wiki hizo hizo kulikuwa na vyumba vya habari vinaandika "kipusa", yaani msichana mrembo, auawa. Mwanamume akiuawa ni dereva, ni mwalimu, ni baba wa watoto watatu. Mwanamke ni kipusa, halafu swali la kwanza ni aliingia kile chumba saa ngapi na alikuwa amefuata nini. Mimi mara moja nililifuta hilo neno nikaweka "mwanafunzi" maana ndo alichokuwa, nikaenda kunywa chai, kurudi nikakuta kipusa amerudishwa. Ati watu wanafungua zaidi. Nilinyamaza siku ile na mpaka leo naona aibu, yule binti alikuwa na mamake na mamake anasoma simu kama sisi.

Kwa hivyo jana nimesema. Kwenye mkutano wa asubuhi nimesema hilo neno mimi siliandiki, na likiwekwa kwenye stori yangu jina langu litolewe. Palikuwa kimya kidogo, halafu kijana mmoja wa michezo akasema na mimi pia. Mhariri hakukubali hakukataa, kasema tutaongea Jumatatu.

Kesho alasiri navuka tena. Yule mama kanielekeza kwake, nyuma ya msikiti, nifike wakati karai liko motoni maana hapo ndo anakaa mahali pamoja saa nzima. Kasema nije na rikoda, kamera niache nyumbani.