Siku moja maabara, Moshi: kusaka bakteria wasiosikia dawa

Saa 1:30 asubuhi
Kabla ya chai, naangalia joto la inkubeta, kabati la kuoteshea bakteria. Nyuzi 35, naandika daftarini. Usiku umeme ulikatika lakini jenereta iliwahi. Bakteria wa mgonjwa wanaota kwenye joto linalokaribia la mwili wake, likiyumba hakuna jibu la kuaminika siku hiyo.

Saa 2:00
Mashine ya chupa za damu imelia: chupa moja imeota bakteria usiku. Napaka tone kwenye slaidi, nalitia rangi za Gram, naweka chini ya hadubini: vijiti vya pinki, yaani kundi la Gram hasi, vingi. Karatasi ya majibu itafuata baadaye, kwanza napiga simu wodini. “Shikamoo sista. Chupa ya damu ya kitanda cha nne imeota, Gram hasi. Naomba daktari ajue sasa hivi.” “Marahaba mwanangu, yuko hapa hapa, ongea naye.”

Saa 3:00
Hapa ndipo moyo hudunda. Nasoma sahani za agari, chakula kigumu cha bakteria, nilizopanga diski za dawa jana: dawa ikiwaua bakteria, duara tupu hubaki kuzunguka diski, nami napima upana wake. Naanza na bakteria wa udhibiti, E. coli ATCC 25922, ambaye dawa zinamuua vizuri. Duara la antibayotiki ya seftriaksoni kwake lazima liwe kati ya milimita 29 na 35. Leo ni 31, kwa hiyo diski zangu na agari yangu viko sawa.

Inafuata sahani ya mtoto mchanga. Damu ilichukuliwa Jumatatu, leo ni Alhamisi. Ni bakteria aitwaye Klebsiella. Naishika sahani juu ya kitambaa cheusi, rula nyuma yake. Jentamaisini milimita 8. Seftriaksoni 6, na 6 ndio upana wa diski yenyewe: bakteria wameota mpaka ukingoni kana kwamba pale hapajawekwa kitu. Seftazidimu peke yake 9, ikichanganywa na klavulaneti, kizuizi cha vimeng’enya vya bakteria, 20. Tofauti ya milimita 5 tu ingetosha kunithibitishia kwamba bakteria huyu anatengeneza kimeng’enya cha ESBL, kinachovunja dawa kabla haijafanya kazi. Meropenemu 27. Hiyo bado inamuua.

Fikirieni maana yake. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu kwa kawaida huanzishiwa ampisilini na jentamaisini. Klebsiella kwa asili yake haisikii ampisilini, na huyu ameshinda jentamaisini pia. Tangu Jumatatu mtoto amechomwa sindano ambazo hazikumgusa adui. Bakteria wa aina hii, wanaoshinda sefalosporini za kizazi cha tatu kama seftriaksoni, Shirika la Afya Duniani (WHO) limewaweka kwenye daraja la juu kabisa la orodha yake ya 2024 ya bakteria sugu wa kipaumbele.

Nampigia daktari, namsomea namba moja moja, naye anazirudia ili tusikosee.

Saa 6:30 mchana
Sampuli za mchana. Usaha wa kidonda umefika, na fomu inasema mgonjwa yuko kwenye antibayotiki siku ya tatu. Nitauotesha, lakini usipoota hatutajua kama kidonda kimepona au dawa imewazubaisha bakteria tu. Ndugu zangu wa wodini, nawasihi: sampuli kwanza, dozi ya kwanza ifuate. Mgonjwa mahututi hasubirishwi dawa, najua, ila kuvuta damu ni dakika chache. Nanyi mnaonunua vidonge vitano vitano dukani, mkifika hospitali semeni mlichomeza. Hakuna atakayewagombeza, kinatusaidia kusoma majibu yenu.

Saa 8:00
Kupanga sahani mpya. Agari ya kina cha milimita 4, bakteria wanapakwa kwa pamba pande tatu, diski, inkubeta.

Saa 9:30 alasiri
Sista wa watoto wachanga anapiga: meropenemu imepatikana na dozi ya kwanza imeingia. Mtoto ametengwa na wenzake, na kila anayemgusa ananawa kabla na baada. Namshukuru, kisha namkabidhi kaka wa zamu ya jioni: chupa ya kitanda cha nne nimeshaiotesha kwenye agari za aina mbili, ya damu na ya MacConkey, Klebsiella wa mtoto amehifadhiwa kwenye friza, na mashine ikilia tena usiku, apige simu hata kama ni saa tisa.