Baiskeli kutoka nchi ya zabibu

Ile baiskeli niliinunua Julai 2012 kwenye mitumba ya kontena, Ilala, Dar es Salaam, kwa shilingi laki moja na kumi. Muuzaji alianzia laki mbili na kuapa kwamba nimemuua. Ilikuwa ya resi: usukani umejikunja kama pembe za kondoo, matairi membamba kama kidole gumba, gia mbili mbele na saba nyuma, rangi ya buluu iliyochubuka. Chini ya kiti palikuwa na stika iliyobanduka nusu. Neno moja tu lilisomeka: Koblenz.

Niliisukuma mpaka nyumbani Kigogo kwa sababu haikuwa na upepo. Kila kijana wa pancha niliyempitia alijaribu pampu yake ya mguu, ile yenye kichwa cha kubana kama ya gari, ikashindwa kushika. Valvu ilikuwa nyembamba, ina nati ndogo juu unayoifungua kwa vidole, na hapakuwa na aliyewahi kuiona. Mmoja alinishauri nitoboe rimu niweke tyubu ya baiskeli ya Phoenix. Nikamshukuru nikaondoka haraka.

Aliyeniokoa ni babu fundi wa mtaani kwetu, Mzaramo wa Kisarawe aliyekuwa na kibanda cha baiskeli chini ya mwembe tangu sijazaliwa. Sikuanzia kwake kwa sababu, nisiwe mnafiki, nilimwona wa zamani mno kwa baiskeli ya kisasa kama yangu. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu bila kuniangalia, macho yote kwenye valvu. Akaingia kibandani, akatoka na pampu ndefu ya mkono ya Phoenix, ile yenye mpira mdogo unaoskrubu pande zote mbili. Akauskrubu. Ukakaa kama ulitengenezwa kwa ajili hiyo. Akapiga pampu, tairi likasimama.

"Hii mashine imetoka wapi?"

"Ujerumani, babu."

Akazungusha gurudumu la nyuma. Lilikuwa linayumba kushoto na kulia, linagusa breki kila mzunguko.

Wiki ile nikaenda intaneti kafe Kariakoo, nikalipia nusu saa kuitafuta Koblenz. Nikakuta picha za mto unaojipinda kama nyoka aliyeshiba. Ni Mosel, unaoanzia Ufaransa kwenye milima ya Vosges, unapita mpakani mwa Luxembourg, na baada ya kilomita 544 unaishia hapo Koblenz kwa kuingia Rhine. Kando ya mto kuna njia tambarare ya baiskeli, na watu wazima wenye mvi wanaendesha taratibu kama wanaokwenda harusini. Juu ya njia, pande zote za bonde, ni mizabibu imepandwa kwa mistari kwenye miteremko ya mawe meusi. Kijiji kimoja kiitwacho Bremm kina mteremko mkali mpaka wakulima wanapandishwa shambani kwa kitoroli cha reli moja. Nyuma ya mizabibu kuna milima ya wastani, Eifel upande mmoja na Hunsrück upande wa pili, na kilele kirefu kabisa cha Hunsrück ni mita 816. Mimi zabibu nilizozijua ni za Dodoma, zinazouzwa kwa vifuko kwenye madirisha ya mabasi Ubungo. Nusu saa ikaisha nikiwa bado natazama mizabibu.

Nikamsimulia babu kwamba baiskeli yangu imekulia kwenye mashamba ya mvinyo.

"Ndiyo maana imelewa," akasema, na kuanza kukaza spoki.

Sasa niseme kwa nini mambo ya mto yalinikaa kichwani. Kigogo kwetu ni bondeni mwa mto Msimbazi. Desemba 2011, miezi saba kabla ya baiskeli, mto ulituingia ndani usiku. Tulitoka na nguo tulizovaa. Maji yalipopungua, mama alianika picha zake za harusi kwenye kamba ya nguo, kwa vibanio, moja moja. Uso wa baba ulikuwa umebabuka kwenye karibu zote. Majirani kadhaa walihamishiwa Mabwepande. Sisi tulibaki, tukapaka chokaa, lakini alama ya maji ilirudi kujichora ukutani, usawa wa kifua changu. Kila aliyeingia kutupa pole mama alimwambia neno lile lile: "Maji yale si ya hapa. Yale ni ya Kisarawe." Alilisema kwa chuki kama anavyosemwa mke mwenza.

Basi nilipomsikia babu akisema Jumapili anakwenda Kisarawe kumpelekea dada yake sukari na majani ya chai, nikamwomba nifuatane naye. Nilitaka kuona maji yanakotoka. Akaniuliza kama nitaweza mlima. Nilitazama Phoenix yake yenye gia moja na kareya ya chuma cha nondo, nikatazama gia zangu kumi na nne, nikacheka.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, Agosti, baridi ya kuvaa sweta. Buguruni, tukaingia Mandela, TAZARA tukakata kulia kushika barabara ya Nyerere, ambayo babu aliendelea kuiita Pugu Road kana kwamba hakuambiwa. Mpaka uwanja wa ndege nilikuwa mfalme. Barabara pana, magari machache, tairi nyembamba linaimba kwenye lami. Nilikuwa natangulia, nasimama kumsubiri, natangulia tena. Kila nikisimama babu ananipita kwa mwendo ule ule, mgongo umenyooka, kanzu kaikunja kiunoni. Baada ya uwanja njia ikawa nyembamba, na daladala zikaanza kutugombania: Banana, Ukonga, Mombasa, Gongo la Mboto. Mto wenyewe huuoni kabisa. Uko kulia, ng'ambo ya nyumba, huko Kinyerezi na Segerea. Babu alikuwa akinyoosha kidole mara kwa mara kuelekea mabati ya watu na kusema, "Uko pale," nami namwamini.

Pugu Kajiungeni tulikunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha. Hapo ndipo Dar es Salaam inapoacha kuwa tambarare. Mtu aliyezaliwa Kigogo, ambaye kilima chake kikubwa maishani ni daraja, hana habari kwamba jiji lake lina vilima. Havifiki hata nusu ya Hunsrück, lakini baiskeli haijui takwimu.

Nilipoanza kupanda nilibonyeza gia nyepesi. Nikasikia *tak*, na kile kijiti cha gia kikalegea mkononi kama jino bovu. Waya umekatika. Nilichojifunza siku hiyo ni kwamba waya wa gia ya nyuma ukikatika, springi inavuta mnyororo mpaka kwenye duara dogo kuliko yote, yaani gia nzito kuliko zote, ya kuteremkia. Niko chini ya mlima na gia ya kuteremkia. Nilisimama kwenye pedeli, nikazungusha mara tano, sita, magoti yakagoma. Nikashuka nikasukuma.

Babu akanipita. Hakuwa na haraka. Pedeli moja, pumzi moja, pedeli nyingine. Alipofika sawa nami alisema, "Pole, Mjerumani," na kuendelea.

Kutoka juu walikuwa wanashuka wabeba mkaa. Nilikuwa nimewaona mjini wakisukuma, sikuwahi kuwaona wakiteremka. Mmoja alinipita karibu kabisa: magunia matatu, mawili ubavuni na moja limelala juu ya kareya, limefungwa kwa mipira ya tyubu. Breki hana. Alikuwa amekanyaga tairi la nyuma kwa ndala, mguu mmoja, na soli ilikuwa inatoa moshi. Naapa, moshi. Harufu ya mpira ulioungua ilibaki barabarani baada ya yeye kupotelea konani. Nilitazama breki zangu za kutoka Koblenz nikaona aibu fulani ambayo mpaka leo sijui niiite nini.

Babu alinisubiri kwenye kivuli. Akageuza baiskeli yangu miguu juu, akaivuta ncha ya waya iliyobaki, akasogeza mnyororo kwa kidole mpaka duara la tatu kutoka juu, kisha akaufunga waya kwenye fremu kwa kipande cha tyubu alichokitoa mfukoni. Watu wengine hubeba tasbihi, yeye alibeba vipande vya tyubu.

"Sasa una gia moja kama mimi," akasema. "Tutaheshimiana."

Tukapanda pamoja. Kwenye njia ya sekondari ya Pugu alinionyesha alikokuwa akifundisha Mwalimu Nyerere kabla hajaacha kazi mwaka 1955, akaongeza kwamba mtu aliyezoea mlima ule hawezi kushindwa na gavana. Msitu ukatufunika: hewa ya ubaridi, ndege, harufu ya majani yaliyooza. Tukapita Minaki. Saa nne na nusu tulikuwa Kisarawe kwa dada yake, mimi nimelala kwenye mkeka naomba maji, babu anaulizia habari za korosho.

Mchana, wakati wa kurudi, alinitoa barabarani kwenye njia ya miguu inayoteremka msituni. Tulisukuma baiskeli labda dakika kumi. Yeye alikuwa na nusu gunia la mihogo na machungwa kwenye kareya na hakutaka nimsaidie. Tukafika kwenye kikorongo chenye magugu mabichi.

"Haya. Mto wako."

Nilidhani ananitania. Ulikuwa mchirizi wa upana wa kanga iliyokunjwa mara mbili. Maji yalipita juu ya changarawe bila sauti, masafi mpaka unaona kila punje ya mchanga. Kuku mmoja, sijui wa nani msituni mle, aliuvuka kwa miguu bila kulowa magoti. Babu alisema iko mingi kama ule, kila bonde na wake, huko chini ndiyo inakutana na kupata jina. Akanawa uso, akaketi juu ya gogo, akamenya chungwa.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuja na hasira iliyopangwa vizuri, na pale hapakuwa na wa kumpa. Nikajaribu kuuona ule mchirizi ukipita Kinyerezi, ukipita Vingunguti na kuchukua damu ya machinjio na maji machafu, ukifika kwetu kwenye matuta ya mchicha ukiwa mweusi, ukipanda ukutani usawa wa kifua changu. Sikuweza. Nikachukua chupa yangu ya nusu lita, nikaijaza.

Mteremko wa Pugu niliushuka na breki zote mbili zimeshikwa mpaka vidole vikafa ganzi. Babu na mihogo yake alinitangulia.

Tulifika Kigogo jua linazama. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, nikaweka ile chupa mbele yake, nikamweleza: haya ndiyo maji ya Kisarawe, nimeyafuata kwa baiskeli, kwenda na kurudi kilomita sitini, mlima, gia imekatika.

Akaiinua chupa kwenye mwanga, akaigeuza. Akaifungua, akanusa.

"Masafi," akasema. Akaimwagia miche yake ya mchicha, yote. "Lakini na wewe, mwanangu, umehangaika kuyabeba ya nini? Si yangekuja yenyewe."